Kibao cha Fidélie Kwenye Usukani

Sogeeni kidogo ili aliye nyuma naye asikie. Nataka kuwaeleza habari za Mama Fidélie wa Shituru, na Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1995, ambapo jipu kubwa kuliko yote ya Likasi lilianza safari ya kanisani bila mtu kuwasha injini.

Kwanza mumjue mwenyewe. Fidélie Kalombo alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole vyembamba ambavyo usingevitegemea kwenye mikono ile. Vidole hivyo ndivyo vilivyompa kazi. Zamani kwenye kiwanda cha shaba walitafuta watu wa kusuka mota, yaani kutoa waya wa shaba ulioungua ndani na kuzungusha mpya, mzunguko kwa mzunguko, mia tatu, mia nne, bila kupoteza hesabu. Wanaume waliojaribu walisimama katikati kuvuta sigara, na waliporudi hawakujua walikuwa wamefika wapi. Fidélie hakuvuta sigara. Alihesabu kwa kuimba, na aliyemsalimia katikati ya wimbo alijibiwa baada ya mzunguko wa mwisho, hata kama ni mkubwa wa kazi.

Akasuka mota miaka ishirini na miwili. Kufika mwaka ninaousema, kiwanda kilikuwa kinaamka siku mbili na kulala wiki nzima. Fidélie alihamishia kazi nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati manne. Watu walimletea feni, pampu, mota za mashine za kusaga mahindi. Vitu alivyotoka navyo kazini vilikuwa vinne tu: koti la bluu, bisibisi mbili, na kibao.

Hapo kwenye kibao nipeni subira, maana hadithi yote imening'inia pale. Ni bati jekundu, ukubwa wa kiganja, lenye tundu la kupitisha waya. Limeandikwa KALOMBO F., na chini yake: usiwashe, mtu yuko kazini. Kila mfanyakazi alikuwa na chake. Kabla hujaingiza mkono ndani ya mashine, unazima umeme, unatundika kibao chako, na tangu saa hiyo hakuna wa kuwasha, awe msimamizi, awe mkurugenzi, mpaka wewe mwenyewe ukitoe kwa mkono wako. Zamu ikiisha unaondoka nacho. Ukisahau, kampuni ilituma gari likufuate nyumbani, hata kama uko bafuni na sabuni kichwani, uje ukitoe.

Na watu walitii. Jirani yake Fidélie, Papa Ruphin, aliyekuwa msimamizi wa timu yao, alikuwa ushahidi unaotembea. Siku moja mjinga fulani alitoa kibao cha mwenzake ili kazi iende mbio, na Ruphin alikuwa ameinamia sanduku la umeme. Nyusi zote mbili zilikwenda na moto. Wa kushoto ukaota tena, ukaelekea juu, kwa hiyo upande ule Ruphin alionekana ameshangaa hata akiwa amelala.

Basi. Ijumaa mchana, Casimir akaingia na jipu uani kwa Fidélie. Casimir alikuwa dereva wa malori kiwandani, na sasa aliendesha jipu la mfanyabiashara mmoja. Tajiri huyo alikuwa amemwazima gari siku mbili, kwa sababu Jumamosi binti yake Casimir, Jaël, alikuwa anaolewa.

"Hodi, Mama Fidélie."

"Karibu, Papa Casimir. Gari inagonjwa nini?"

"Gari iko muzima. Ni upepo tu. Kwanza ilikuwa inakubali kwa ine. Unatia moja, hakuna. Mbili, hakuna. Tatu, hakuna. Unatia ine, inakupiga mu macho kama mvua. Sasa tangu jana hata ine imekufwa."

Fidélie akacheka. "Moja, mbili na tatu, umeme inapita mu rezistansi, ile waya ya kupunguza nguvu. Ine inaenda direct. Rezistansi yako imeungua, njo maana. Na kama ine nayo imekufwa, mota yenyewe imechoka. Ulibeba nini mu gari hii?"

"Batu."

"Batu tu?"

"Na kuku kidogo. Na magunia ya mahindi. Kidogo."

Fidélie akalala chini ya tablo, yaani dashibodi, upande wa abiria, akafungua bolti tatu, akashuka na mota ya feni mikononi. Ilikuwa imevaa koti la manyoya ya kuku na pumba za mahindi, na ndani ya gurudumu lake panya alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili. Mota iliyosongwa hivyo inavuta umeme kupita kiasi, na umeme ule ndio uliochoma rezistansi.

"Yesu," akasema Casimir polepole. "Na kesho Jaël atapanda ndani."

Hapo akaeleza shida yote, nanyi muisikie vizuri. Padri Nicolas angefungisha ndoa saa nne asubuhi, na saa tano alikuwa na misa Kamatanda, kwa wachimbaji. Kutoka hapo angekwenda mafungo marefu, na kurudi kwake kungekuta Majilio, ambapo hafungishi ndoa. Bwana harusi, Dodo, alikuwa amepata kazi Kolwezi na treni yake ilikuwa Jumatatu. Casimir alikuwa ameapa mbele ya ukoo kwamba binti yake hataenda Kolwezi bila ndoa. Ni Jumamosi ile au basi.

"Na upepo inaingia wapi mu ndoa?" Fidélie akauliza.

"Inaingia kwa dada yangu Marceline."

Mama Marceline alikuwa ametoka Lubumbashi na robe, yaani gauni, ya harusi aliyoazima, nyeupe kama chumvi, ya kurudishwa Jumatatu bila doa. Vumbi la mwezi wa kumi mnalijua. Marceline alikuwa ameamuru vioo vyote vifungwe mpaka mlango wa kanisa. Lakini ndani ya jipu lililofungwa, kwenye joto lile, bibi harusi angefika amelowa.

Fidélie akaahidi. Rezistansi akaitengeneza mchana ule ule kwa waya wa resho, ile koili mnayopikia, akakata vipande vitatu kwa urefu tofauti, akaviweka pale pale upepo unapopita ili viwe vinapozwa. Mota akaisafisha. Tatizo likabaki makaa yake, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme ndani: vilikuwa vimeliwa vikabaki kama kucha. Mwalimu mmoja wa Mulungwishi alikuwa na feni ya zamani yenye makaa ya ukubwa ule.

"Naenda na lori ya asubui," alisema. "Saa mbili niko hapa. Gari ibakie kwangu."

Jumamosi alfajiri akaweka mota kwenye kikapu, akapanda lori. Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, Fidélie Kalombo aliondoka kazini na kibao chake kikiwa bado kinaning'inia kwenye usukani.

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu, uani kwa Fidélie palikuwa na Casimir mwenye suti, Jaël ndani ya robe juu ya kiti kilichotandikwa shuka, Mama Marceline na pini mdomoni, Papa Ruphin, na kwaya nzima ya parokia, watu ishirini na wawili, waliokuja kusindikiza. Wote wamefanya duara kuzunguka jipu, wanatazama usukani.

"Twende bila upepo," akasema Marceline. "Nitamupepea na mufuniko ya sufuria. Kaka, washa."

Casimir hakusogea. "Iko na kibao."

"Naiona. Toa."

"Si yangu."

"Casimir. Ni bati."

"Ni bati ya Fidélie."

Marceline akageukia wanakwaya. Alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, muuza vitenge, hakuwahi kuingia kiwandani. Akawatazama mmoja mmoja: besi mbili za kiwanda cha shaba, tenori watatu wa reli, mwalimu wa kwaya aliyestaafu kwenye pampu. Kila aliyetazamwa alitazama viatu vyake.

"Banaume bote hawa munaogopa kipande ya bati?"

"Tantine," akasema Ruphin kwa heshima, akamsogelea. "Angalia hapa. Juu ya hii jicho ya kuume. Unaona nini?"

Marceline akachunguza. "Sioni kitu."

"Njo ile."

"Basi nitatoa minye mwenyewe." Akafungua mlango wa jipu. Watu ishirini na watano walivuta pumzi pamoja, kwaya ikiwa kwenye sauti nne, na Marceline, asiyeogopa polisi wala forodha, akajikuta anafunga ule mlango taratibu.

"Mufate Fidélie mwenyewe, basi," akasema.

"Na gari gani?" akauliza Casimir.

Wote wakatazama gari.

"Jaël atembee," akasema mtu wa kwaya.

"Mu hii robe? Na hii vumbi? Weye utaeleza mwenye robe Jumatatu?"

Jaël akasema kutoka kitini: "Papa, nikikosa leo, Dodo anaenda peke yake. Kolwezi iko na babibi bengi."

Ruphin akafikiri, wusi wake wa kushoto ukapanda zaidi. Yeye ndiye aliyejua sheria kuliko wote, kwa vile aliifundisha.

"Kibao inasema usiwashe," akasema. "Haisemi usisukume."

Ndugu zangu, nimeona watu wakifurahi kwa sababu kubwa zaidi, lakini kufurahi kama kule sijaona tena. Wakamwingiza Jaël kiti cha mbele, mahali ambapo upepo ungempata kama ungekuwepo. Marceline akakaa nyuma yake na mfuniko wa sufuria. Vioo vikafungwa. Casimir akashika usukani, kibao kikimgonga goti. Kwaya ikaweka mabega. Mtu mmoja akataka kupiga honi, kwa maana harusi bila honi ni nini, lakini Ruphin akamkatalia: honi ni umeme. Kwa hiyo sauti za juu zikachukua honi, pii-pii-pii, besi zikachukua injini, na jipu likatoka Shituru likinguruma kwa vinywa vya Wakatoliki.

Barabara ya tambarare ilikwenda vizuri. Watoto wakafuata, wauza nyanya wakasimama. Mzee mmoja akauliza kama mafuta yameisha Zaïre nzima. Akaambiwa hapana, gari lina mafuta, dereva yupo, ufunguo upo, lakini Mama Fidélie yuko kazini. "Aa," akasema mzee, aliyekuwa mtu wa kiwanda pia, akaja kusukuma.

Kabla ya reli kuna mteremko. Jipu zito ambalo injini yake imelala halisikii breki vizuri, na Casimir aligundua hilo mapema kuliko alivyopenda.

"Mushike," akasema dirishani, bila kukumbuka kwamba kioo kimefungwa. Waliona mdomo wake tu, lakini waliuelewa. Akina mama wa kwaya wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavifunga kwenye bampa ya nyuma, wakavuta kwa kurudi nyuma na kulaza miili, wakiburuzwa, huku sauti za juu zikiwa bado zinapiga honi maana hakuna aliyewaambia waache. Jipu likashuka hivyo, limefungwa mkia wa vitenge, mpaka magurudumu ya mbele yakapanda tuta la reli, yakasimama. Mbele kulikuwa na kilima cha kanisa. Wakasukuma. Halikwenda. Wakaongezeka, likatikisika, likarudi pale pale. Kengele ya parokia ikagonga saa nne.

Walipumua pale robo saa, wakisukuma na kuacha. Ndani, mfuniko wa Marceline ulikuwa unakwenda mbio, na jasho la Jaël limeanza kutafuta njia kwenye shingo. Saa nne na dakika ishirini lori la makaa likatokea upande wa barabara ya Mulungwishi, likiwa limepasukiwa gurudumu mara mbili asubuhi ile. Juu ya magunia alikaa Mama Fidélie na kikapu chake, mweusi kwa vumbi la makaa kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

Aliliona jipu. Aliwaona watu. Halafu, kupitia kioo cha mbele, akaona kitu chekundu.

Alishuka polepole. "Papa Ruphin. Ile ni kibao yangu?"

"Ni yako, Mama."

Kiwandani, aliyesahau alipaswa kusema mbele ya timu nzima. Fidélie akaweka kikapu chini, akanyoosha koti, akasema kwa sauti ya kusikika: "Minye Kalombo Fidélie, nimetoka kazini bila kutoa kibao."

"Timu imesikia," akajibu Ruphin, na besi mbili nazo, kwa mazoea: "Timu imesikia."

Casimir alikuwa ameteremka. "Mama Fidélie, imeisha, imesamehewa. Toa sasa. Padri anaondoka."

"Siwezi kutoa. Waya iko uchi chini ya tablo. Ukizungusha ufunguo itagusa chuma." Alikuwa tayari anatoa mota kikapuni, makaa mapya ndani yake. "Bolti tatu. Dakika ine. Bote mutoke. Jaël abakie, nje kuko vumbi."

Marceline akafungua mlango, akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Weye? Chini ya robe ile? Na hiyo makaa yote?"

Na kweli, mahali pa kufungia mota palikuwa miguuni kwa Jaël, na sehemu yote ile ilikuwa imejaa kitambaa cheupe kama povu.

"Jaël, mutoto yangu, miguu juu ya tablo," akasema Fidélie. Jaël akapandisha miguu juu ya tablo, viatu vyeupe vikigusa kioo. Akina mama wanane wakajipenyeza kutoka milango yote, wakashika robe, wakainua, wakatandaza vitenge chini, na pakatokea pango jeupe lenye mlango wa chini. Fidélie akaingia humo chali, taratibu, akiwa mweusi kama sufuria, na hakuna aliyethubutu kupiga chafya.

"Bolti moja," ikasema sauti kutoka ndani ya robe.

"Moja," ikaitikia kwaya.

"Bisibisi. Si ile. Ile ingine."

Jaël akaanza kucheka.

"Usicheke, robe inacheza," akasema Marceline, na pembe ya kitambaa alichoshika ilikuwa inacheza kuliko zote.

"Bolti mbili."

"Mbili."

Kisha ukasikika wimbo mdogo wa kuhesabu, ule ule wa miaka yote. Casimir alifungua mdomo kumuuliza kitu, Ruphin akamshika mkono: asimkatize.

"Tatu. Munivute."

Wakamvuta kwa miguu. Marceline akaikagua robe inchi kwa inchi. Hakukuwa na alama. Fidélie akasimama, na bila kuharakishwa na mtu akauliza kama alivyouliza maelfu ya mara: "Mikono nje?"

"Nje," wakasema, kila mtu akionyesha yake, hata wauza nyanya.

Akaingiza mkono, akafungua waya, akatoa kibao. Casimir akawasha. Injini ikaitika mara moja.

"Tia moja," akasema Fidélie. Upepo mwembamba ukagusa shela ya Jaël. "Mbili." Shela ikainuka. "Tatu." Jaël akafumba macho kwa raha. Kwaya ilikuwa inaitikia kila namba kama litania, na Marceline, kwa furaha, akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma alikokuwa amerudi, akazungusha mpaka nne.

Fidélie alikuwa amesafisha mota. Mabomba yanayopeleka upepo mbele hakuwa ameyagusa. Kuku wote waliowahi kupanda jipu lile walirudi kwa wakati mmoja. Manyoya na pumba zikaruka kutoka matundu yote ya tablo, zikamjaa Jaël nywele, shela, kope, mpaka hakuna aliyeona nani ni nani ndani ya gari. Zilipotulia, Jaël alikuwa na unyoya mmoja kwenye mdomo wa chini.

"Ni kavu," akasema Marceline baada ya kugusa robe kwa kidole. "Haina doa. Itakung'utwa. Twende, Casimir, twende."

Walifika kanisani saa tano kasoro kumi. Padri Nicolas alikuwa tayari juu ya pikipiki yake, kofia ngumu kichwani, na Dodo ameshika usukani wa pikipiki ile kwa mikono miwili, anazungumza naye kwa upole kama anayemzuia mgonjwa asitoke kitandani.

"Nilingoya," akasema Padri. "Sasa wachimbaji nao wananingoya. Misa ya Kamatanda siwezi kuiacha."

Casimir akamwonyesha jipu. "Mon père, hii gari inakimbia kushinda pikipiki. Fungisha ndoa, nitakufikisha. Iko na upepo."

"Upepo ya ukweli?"

"Mpaka ine," akasema Jaël, na manyoya yakaanguka.

Padri akashuka. Akafungisha ndoa kofia ikiwa kwapani. Injili ilikuwa ya mistari mitatu, mahubiri yalikuwa "mupendane, mengine nitawaambia njiani." Dodo alipoulizwa alijibu ndiyo kabla swali halijaisha, ikabidi aulizwe upya. Jaël alijibu vizuri, kisha akapiga chafya. Fidélie alitaka kubaki nje kwa sababu ya uchafu wake. Jaël akatuma mtu amwambie kwamba hataandika jina kitabuni mpaka Mama Fidélie aingie, na akaingia, akasimama nyuma bila kuegemea ukuta.

Kisha wakatoka mbio. Nyuma wakakaa maharusi na Marceline, mbele Padri, kwenye sehemu ya mizigo watu wa kwaya, idadi siwezi kuwatajia. Honi ilikuwa honi ya kweli sasa, na sauti za juu zilishindana nayo. Wakafika Kamatanda dakika kumi baada ya saa ya misa, na wachimbaji, waliosimama jua kali wakimsubiri padri mmoja, wakaona mlango unafunguliwa na anateremka bibi harusi mwenye manyoya kichwani, na mume wake nyuma yake, wa halali, ameshika cheti kama mtu anayeshika tikiti ya treni ya watu wawili.